Nilivyomtunza Sumaku Mpira Ukiwa Bado Unachezwa

Wenzangu, mwenzenu nimeaibika. Mchana kweupe, mbele ya wilaya nzima. Naandika harakaharaka hapa kwa shangazi, Kilosa, maana lori la kijiji linarudi Mikumi sasa hivi na barua hii imo. Mimi simo. Nitakuja kesho, watu wakishapoa. (Mwalimu wa kisomo akiiona asinisahihishe, dereva anapiga honi.) Afadhali mlisikie kwangu kabla wale wa kwenye lori hawajatia chumvi. Ingawa kusema kweli, chumvi haina pa kuingia.

Sumaku mnamjua. Tukiwa shamba la kijiji anaitwa Athumani, analima nasi, lakini akisimama golini ni Sumaku. Si mwanangu, si mkwe wangu, hatuna undugu hata wa kuungaunga. Lakini yule kijana akidaka mpira, moyo wangu hujaa kama nimemzaa mimi. Nusu fainali kule Ruaha alidaka mpaka nikakaukiwa sauti siku tatu. Baba Rehema alisema zilikuwa siku nzuri sana.

Leo fainali, sisi na Kidodi. Na halikuwa kombe tu. Alikuja bwana mmoja kutoka Morogoro, na kofia yake na daftari lake, anatafuta kipa wa timu ya mkoa. Kipa mmoja tu! Na Kidodi nao wana wao. Nikajiapia kwamba huyo bwana haondoki Kilosa bila kumwona Sumaku wetu.

Ile doti mpya ya khanga niliyoipangia foleni duka la ushirika, mkadhani ni ya harusi ya Rehema? Ilikuwa ya Sumaku. Nilitaka kumtunza. Kwetu ngoma ikikolea hungoji mchezaji amalize. Unaingia anapocheza, unamvika khanga papo hapo, unapiga vigelegele, unatoka. Nikaona mpira nao ni vivyo hivyo. (Hamkuniambia. Nyinyi nanyi mna lawama.)

Wakati wa kupanda lori, Mwenyekiti wa kijiji akanitazama. "Mama Rehema, kule kuna wageni. Ushangilie kwa nidhamu."

"Nidhamu ninayo, Mwenyekiti."

"Na hicho kifurushi?"

"Chakula."

Mungu anisamehe.

Uwanja wenyewe hauna ua, ni mstari wa chokaa tu. Nikakaa nyuma ya goli la Sumaku. Kipindi cha pili alipobadili goli, nikahama naye. Tulikuwa tunaongoza moja bila. Zikabaki dakika chache, mara beki wetu akaushika mpira kwa mkono ndani ya boksi. Penalti! Mpigaji wao ni mkata miwa, jitu lina mapaja kama vinu. Bwana wa Morogoro akafungua daftari.

Likapiga. Sumaku akaruka. Paa! Mikono yake ikaukuta mpira, nimeona kwa macho yangu haya!

Basi nikaingia.

Sijui mbio zile nilizitoa wapi. (Goti langu linaloniuma kila siku ya kwenda shambani leo halikuuma.) Nikamfikia ndiyo kwanza anainuka, nikamvika khanga. Nilikusudia begani, ikaenda kichwani, ikamfunika uso wote. Nikapiga kigelegele kirefu. Watu wakapiga kelele, "Mpira! Mpira!" Nikadhani wananisaidia kushangilia.

"Mama, mpira!" Sumaku analia humo ndani ya khanga.

"Ndiyo baba, umeudaka!"

"Sijaudaka! Umenitoka!"

Nikageuka. Lile jitu lilikuwa limesimama mbele yangu, mpira mguuni. Likaniangalia. Na limelelewa, siwezi kusema uongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naomba nipite, mama."

Nikalipisha. Jamani, nikalipisha! Nikasogea pembeni kabisa na gauni langu, likausukuma mpira golini taratibu, likaniambia ahsante.

Hapo uwanja ukachafuka. Kidodi wanasema goli, Mikumi wanasema si goli. Refa akaja na kitabu chake cha sheria, anafunua kurasa, jasho linamtoka.

"Mama, wewe ni mchezaji?"

"Hapana, ndugu refa."

"Ni kiongozi wa timu?"

"Hapana."

"Sasa humu umefuata nini?"

"Nilikuja kumtunza kipa."

Refa akafunga kitabu. Nadhani hakikuwa na hilo. Akaamua kwamba goli si goli, na kudaka si kudaka. Penalti irudiwe! Nikamtazama yule bwana wa Morogoro. Akalifuta lile aliloandika, na mimi naona. Wenzangu, pale ndipo nilipotaka ardhi ipasuke. Kijana wa watu kanyoosha mwili wake wote kwa ajili ya siku hii, halafu mimi na vigelegele vyangu nimemfutia kazi yake.

Mgambo akanishika mkono, khanga kaikunja kwapani kama ushahidi, akanikalisha katikati ya watu wa Kidodi. Bibi mmoja akaniuliza, "Ni mwanao?" Nikamwambia hapana. "Basi mwache afanye kazi," akasema, akanimegea kipande cha muwa. Sikuweza hata kutafuna.

Jitu likarudi nyuma. Likakimbia. Likapiga upande uleule, kwa nguvu zaidi.

Akaudaka! Safari hii akaukumbatia kifuani, akalala nao chini kama mtoto mchanga! Nikainuka. Mgambo akanivuta gauni, "Kaa!" Nikakaa. Nililia pale nilipokaa, nikacheka, muwa mdomoni. Sijapata kuwa na fahari kama ile tangu Rehema aliposoma barua yake ya kwanza. Penalti moja, jamani, kaizuia mara mbili! Nani mwingine mnayemjua?

Filimbi ikalia, kombe letu. Bwana wa Morogoro akamwita Sumaku pembeni, wakazungumza. Kisha nikamwona anakwenda kwa mgambo, anaomba ile khanga, anaitupia begani mwenyewe, anakuja hadi nilipo. Nilishindwa kumtazama usoni.

"Shikamoo, mama. Nimechukuliwa."

Nikaitikia marahaba huku nautazama muwa.

"Kambi inaanza Jumatatu," akasema. "Ila yule bwana kanipa sharti moja. Kasema yule mama asiambiwe kambi iko wapi."

Halafu akainama, akaninong'oneza ni wapi.