Mama Mkwe Nyuma ya Pikipiki Yangu

Jumatatu, 2 Juni
Ushindi ni wangu! Jumapili wamotari wa Kabambare, sisi tunaobeba abiria kwa pikipiki, tunashindana, wawili wawili bega kwa bega, kwenye barabara iliyonyooka. Si nani ana mbio zaidi. Kila mmoja anatangaza sekunde zake, kisha anakimbia mara mbili. Anayezikaribia kuliko wote ameshinda. Ukizitangulia mno, umetoka mashindanoni. Na lazima ubebe abiria, kama kazini. Mshindi atakuwa wa kwanza kwenye foleni ya parking, pale tunaposubiri abiria, kiangazi chote. Mimi Octave ni wa mwisho siku zote, maana motari mwenzangu Asani karibu atalala pale. Leo nimejaribu mara tatu. Sekunde tofauti kila mara! Fundi Salomon ameikagua pikipiki, amesema: "Moto iko muzuri. Yenye iko na ugonjwa ni mukono yako. Acha kugusa kabureta." Nimemshukuru sana. Nikaenda nyumbani, nikaigusa kidogo.

Jumatano, 4 Juni
Mwizi wa sekunde nimemkamata: abiria! Abdoul, ninayembeba kwenye majaribio, asubuhi ni mwepesi. Akishakula bugali, pikipiki inalalamika. Nataka mtu asiyebadilika. Mama Victoire, mama mkwe wangu! Habadiliki uzito, wala maneno. Tatizo: kwetu mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Hata mkono hatupeani. Mke wangu Sidonie amecheka mpaka akakaa chini. Lakini akili ni nywele, na mimi sijanyoa. Nitaweka gunia la muhogo katikati.

Ijumaa, 6 Juni
Mama mkwe amekubali, ila nisiende mbio za kichaa. Ameketi akiangalia pembeni, amekumbatia gunia. Tumekimbia mara nne. Sekunde ishirini. Ishirini. Ishirini. Ishirini! Nilitaka kulia kwa furaha. Asani amepita akauliza kama tunahama nyumba. Nimempungia mkono kama mtu mkubwa. Lakini imeniuma.

Jumapili, 8 Juni
Nilitangaza ishirini. Mbio za kwanza: ishirini kamili! Vigelegele! Asani, niliyepangwa naye, alikosa zake kwa sekunde moja. Kwangu ilibaki kurudia tu, basi. Hapo Asani akawatangazia watu wote kwamba pikipiki yangu inafaa kusindikiza maiti. Maiti! Nikageuza skrubu ya kabureta. Kidogo tu, kwa ajili ya heshima.

Pikipiki iliruka! Nikampita Asani, nikafika wa kwanza, mkono juu. Papa Grégoire, mwenye kushika saa, akasema kumi na sita: nimetoka. Asani ndiye mshindi. Lakini watu hawakuwa wanamtazama Asani. Walitazama kiuno changu. Gunia lilikuwa limebaki barabarani, na mikono miwili ya mama mkwe ilikuwa imenizunguka, imekaza. Mbele ya Kabambare nzima!

Jumatatu, 9 Juni
Mwisho wa foleni. Aibu ya jana inasafishwa kwa mbuzi, na mbuzi nimempeleka mwenyewe alfajiri. Mama mkwe amempokea akiwa nyuma ya mlango. Amesema: "Mukwe, mbuzi iko muzuri. Lakini ile kabureta, usiguse tena." Nimeapa kwa moyo wote.

Asani ameshaondoka na abiria wa kwenda Salamabila, anapiga honi bila sababu. Mimi nimekaa hapa, nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Nilikwenda polepole mno. Ningeongeza kasi kidogo, nani angeiona mikono ya mama mkwe?