Umri wa Kodiani Yangu

Jumatatu, 3 Februari 2025. Mtoni kwa Azizi Ali.

Ujumbe wa Zuena, katibu wetu. Kongamano la wapiga kodiani ni Jumamosi, ukumbini Tandika. Wimbo wa ufunguzi, kama desturi, atapiga mwenye kodiani kongwe kuliko zote. Yaani Nassibu wa Tandale. Mara ya sita! Anadai yake ni ya 1958, ya marehemu babake. Yangu niliinunua 1986, mwaka niliopandishwa daraja la ualimu. Nikamjibu Zuena kwamba ni ya 1938, niliachiwa na padri mmoja wa Bukoba. Kidole kiliandika chenyewe. Mke wangu Demetria nimemwambia mwaka huu nafungua mie. Keshawaalika wakwe zetu wa Kimara. Hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Februari.

Kodiani ya 1938 haiwezi kuwa na vitufe vyeupe hivi. Nimechemsha majani ya chai, bila sukari (sukari huita sisimizi), nikapaka kwa mswaki. Mswaki wa Demetria, maana wangu ni mgumu mno. Vitufe vimekuwa njano kama meno ya mvuta kiko. Nimeusuuza mswaki. Karibu wote.

Jumatano, 5 Februari.

Rangi ya nje bado inang'aa. Jua hufifisha rangi, jambo linalojulikana. Nimeiweka juu ya bati la banda la kuku, saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Imefifia vizuri sana! Nilipoinyanyua ikalia kama debe la misumari. Maelezo: sauti ya kodiani hutoka kwenye vijilimi vya chuma vilivyoshikizwa ndani kwa nta. Nta huyeyuka kwa joto. Hilo nimelifundisha darasa la tano miaka thelathini na moja.

Alhamisi, 6 Februari.

Fundi wa kodiani ninayemjua ni mmoja tu. Nassibu. Nimekwenda Tandale. Kaifungua, kaona mwaka wa kiwanda umepigwa kwenye ubao wa ndani: 1986. Kisha akanusa vitufe.

"Majani ya chai hayo, Mwalimu?"

Nikasema huenda padri alipenda chai.

Alicheka mpaka akakalia gunia. "Mie nilitumia kahawa. Chai yako itakutoka na jasho, shauri yako!" Akanifungulia ya kwake. 1979! Tumeapa kutunza siri, tukakubaliana kufungua kongamano pamoja. Vijilimi amevirudisha vyote kwa nta mpya. Mtu muungwana.

Ijumaa, 7 Februari.

Nimewaza. Kufungua pamoja ni nusu ya heshima, na wakwe hawakualikwa kuja kuona nusu. Nimeukwangua mwaka wangu kwa msasa. Kisha nikamwandikia Zuena kwa namba asiyoijua, nikijiita Mpenda Haki: kodiani zote zifunguliwe, miaka isomwe hadharani. Masikini Nassibu.

Jumamosi, 8 Februari.

Ukumbi umejaa. Wakwe mstari wa mbele, Demetria na kitenge kipya. Zuena akatangaza kwamba amepata ujumbe wa Mpenda Haki, na mwingine wa Mpenda Ukweli, wote wakitaka kodiani zifunguliwe. Nikamtazama Nassibu. Akatazama feni.

Yangu: ubao mweupe, unga wa msasa bado upo. Ya Nassibu: vilevile!

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Zuena. "Mmekwangua kwa msasa mmoja au kila mtu na wake?"

Ukumbi ukalipuka. Ufunguzi akapewa Lusungu, muuza dagaa wa hapo Tandika, aliyerithi majuzi tu kodiani ya kwaya kwa bibi yake. 1952, na inasomeka. Alipiga vizuri, nasema kwa haki. Mie nilijiunga kwenye wimbo wa pamoja. Jasho likashuka, mikono ikawa ya njano hadi viganjani.

"Baba Gaspar," alisema Demetria, "mswaki wangu ulikuwa na ladha ya chai tangu Jumanne. Nilinyamaza nione mwisho wake."

Jumatatu, 10 Februari.

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja: msasa hufuta, hauandiki. Leo nimekwenda Kurasini kwa mchonga mihuri anayewahudumia mawakala wa bandari. Nassibu kapiga simu kuuliza kama namjua mchonga mihuri yeyote. Nikamwambia wa Kurasini amehamia Mbeya.

Mhuri ni mzuri sana. 1929. Nimeupiga ndani, katikati ya ubao. Tatizo ni wino, haukauki upesi. Nimeiweka kodiani juu ya bati la banda la kuku. Jua leo ni kali, nashukuru.