Mwizi wa Besi Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Visikizi vyangu vimefika! Vya kuchongewa, vya kuisikilizia bendi nikiwa jukwaani. Si vile vya dukani vinavyomwingia kila mtu na kumdondoka kila mtu. Hivi vimefinyangwa kwa umbo la masikio yangu mimi. Chekundu cha kulia, cha buluu cha kushoto. Nimevivaa mbele ya kioo nikajisalimia.

Siku ya kuchukuliwa kalibu, yaani umbo la ndani ya masikio, wiki tatu zilizopita, tulikwenda wawili: mimi na Sauti ya Pili, yule dada ninayeimba naye. Mpole kupita kiasi. Namwogopa. Mtaalamu wa masikio akatumiminia mpira laini masikioni, akatutaka tuume kipande kinene cha sponji dakika tano, mdomo ukae wazi kama tunaimba, mpaka mpira ukauke. Sauti ya Pili akauma, mate yakamtiririka hadi kidevuni. Nilicheka sana. Mimi, mwimbaji mkuu wa bendi miaka kumi na mmoja, nikae na sponji mdomoni kama mtoto anayeota meno? Mtaalamu alipogeuka kunawa mikono nikaitia mfukoni. Nikafunga mdomo kwa heshima zangu.

Mazoezi ya leo. Ubeti wa kwanza, raha tupu, besi inanguruma hadi tumboni. Nikapanua mdomo kwa ile noti ya juu. Besi haipo! Nikafunga mdomo, imerudi. Nikafungua, imekwenda. Kuna mtu anachezea sauti yangu, na anayekaa kwenye meza ya kuchanganyia sauti ni mmoja tu. Fundi.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Shemeji, mume wa dada yangu na kiongozi wa bendi, ametangaza kwamba Jumamosi mchana mwenye ukumbi anakuja kusikiliza. Anataka sauti moja ya kuongoza mwaka mzima. Mimi au Sauti ya Pili. Atakayekosa atasimama nyuma, kuitikia. Nyuma! Karibu na mpiga ngoma, ambaye hunitemea maganda ya karanga!

Jumanne, 5 Machi

Leo nimemvizia Fundi. Nilibeba kiti nikaketi ubavuni mwake, nikaimbia hapohapo, macho kwenye vidole vyake. Mwizi hakamatwi kwa maneno.

Noti ya juu. Besi ikatoroka. Fundi alikuwa amefumbata mikono kwapani! Nikainama kutazama miguu. Alikuwa amevaa kandambili na hagusi chochote. Ujanja gani huu?

Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, kama siku ya kalibu niliuma sponji. Akaeleza kwamba taya likifunguka tundu la sikio hubadilika umbo. Kisikizi kilichopimwa mdomo umefungwa huacha upenyo mtu akiimba, na besi yote hupotelea hapo. Akasema kama sikuuma niseme tu, kalibu inarudiwa, na hadi Jumamosi ataniwekea spika ya sakafuni.

Nikamwambia niliuma. Tena niliuma kuliko wote.

Anataka nikiri mbele ya Sauti ya Pili. Hanipati!

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa. Kama kuna upenyo (sisemi upo), si unazibwa? Nimechukua mafuta ya mgando ya mke wangu nikavipaka visikizi, tabaka nono. Vikaingia masikioni kwa kuteleza. Ubeti mzima nikaimba mdomo wazi, besi imetulia kama imefungwa kamba! Nikamkonyeza Fundi. Hakunikonyeza.

Ubeti wa pili, masikio yakapata joto, mafuta yakayeyuka. Cha kushoto kikanyamaza kabisa. Cha kulia kikawa kinaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nikamaliza wimbo kwa kumtazama Sauti ya Pili midomo. Fedheha.

Nyumbani nikaviosha kwa maji moto na sabuni. Mke wangu akanikumbusha karatasi ya maagizo iliyokuja ndani ya kikasha: visilowe, vifutwe kila baada ya kutumika, tundu litazamishwe chini likipigwa brashi ili uchafu udondoke nje, kisha vilale na kile kipakiti cha kukausha unyevu. Nikamwambia kipakiti nimekitupa, nilidhani ni viungo vimeharibika. Brashi nachania masharubu. Ni brashi nzuri sana.

Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimemwambia masikio yangu hayafi, yanahujumiwa.

Alhamisi, 7 Machi

Sitaisahau siku hii. Kisikizi cha kushoto bado bubu, nikalazimika kumpelekea Fundi. Angeweza kukitengeneza pembeni, kiungwana. Badala yake akawasha taa ya mezani, akavaa miwani, bendi nzima ikamzunguka. Akang'oa kichujio kidogo cha tunduni. Akatoa mafuta. Akatoa nta. Akatoa, kwa kibanio, unywele mmoja wa masharubu, mrefu, wenye mvi. Akauinua kwenye mwanga.

Mpiga ngoma alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Sauti ya Pili peke yake hakucheka. Akanifuata baadaye akaniambia, kaka, kama ni shida ya kalibu hata jamaa zake wa kwaya iliwapata, si aibu. Huo upole ndio unaoniumiza! Nikamwambia visikizi vyangu havina neno, aangalie vyake.

Fundi ametia kichujio kipya. Cha kushoto kinaimba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini nilipofungua mdomo, besi ikapita mlangoni kama kawaida.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelitatua! Besi inakimbia mdomo ukifunguka. Basi usifunguke. Nimefanya mazoezi saa nzima mbele ya kioo, meno yamekutana, midomo inacheza kidogo tu. Besi haikuondoka hata mara moja! Sauti inatoka puani, ndiyo, lakini ni ya kiutu uzima. Binti yangu akachungulia akauliza kama jino linaniuma. Nimemfukuza.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika hivi nimejifungia bafuni.

Mwenye ukumbi alikaa meza ya mbele na birika la chai. Ubeti wa kwanza niliuimba meno yamefungwa. Besi tamu, mimi nimetulia. Lakini yeye akaweka kiganja sikioni. Kisha akasogeza kiti mbele. Kisha akamuuliza mhudumu, nikamwona, kama huyu bwana ni mgonjwa.

Fundi akaniambia kupitia visikizi, taratibu: fungua mdomo, spika ya sakafuni nimeiwasha, toa kisikizi kimoja uifuate hiyo. Yaani mimi nipangiwe na Fundi katikati ya wimbo! Sikutoa. Lakini noti ya juu ilikuwa inakuja, na noti ile haipiti kwenye meno. Nikafungua. Besi ikaenda, ngoma ikaenda nayo, nikawa sijui nipo wapi. Nikaingia kiitikio bendi ikiwa bado kwenye ubeti. Ukumbi ukacheka. Sauti ya Pili akaidaka noti yangu, akaishikilia mpaka bendi ikanipata, akairudisha kwangu kana kwamba tulipanga.

Amechaguliwa yeye. Mwenye ukumbi amesema yule mzee anayeguna atafaa kuitikia.

Mzee! Anayeguna! Miaka kumi na mmoja nasimama mbele. Nimelia, na sioni aibu kuliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Jumanne, 12 Machi

Dada yangu amemsema Shemeji, Shemeji amesema na mwenye ukumbi. Nimepewa nafasi ya mwisho: mwezi ujao nisikilizwe tena, kwa sharti kalibu irudiwe. Nimekwenda leo. Mpira ukamiminwa masikio yote mawili, dunia ikawa kimya. Nikauma sponji. Ndiyo, niliuma! Mate yalitiririka, sikujali. Mtaalamu akaniwekea saa ya dakika tano mbele yangu, akatoka kidogo.

Dakika ya pili simu ikatetemeka. Sauti ya Pili. Ananipigia kunionea huruma! Nilijizuia. Ikatetemeka tena. Nikaona nikinyamaza atadhani nimeshindwa. Nikatoa sponji, nikapokea. Sikusikia hata neno moja, masikio yalikuwa yamejaa. Lakini nilimjibu. Nilimjibu yote, dakika mbili nzima, taya likienda kama cherehani. Kisha nikauma tena, na mtaalamu aliporudi akanisifu kwa utulivu.

Mke wangu ameongea na Sauti ya Pili jioni hii. Kumbe alipiga kunikumbusha nisiongee wala kutoa sponji mpaka mpira ukauke.

Sasa si angetuma ujumbe?

Visikizi vipya vitafika baada ya wiki tatu. Fundi nimeshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Safari hii haniibii.