Darubini Inayoharibika Kila Ijumaa

Ijumaa, 6 Juni
Nimelificha jambo hili miaka miwili. Sasa daktari ameanza kusema nami kwa upole mno, basi naliandika: darubini ya bunduki yangu haina ubovu wowote. Naiharibu mimi. Kila Ijumaa jioni, binti yangu akiwa jikoni, nakizungusha kifundo cha juu, kile cha kupandisha na kushusha shabaha, mpaka vidole vinaniuma. Asubuhi nampigia shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, fundi bunduki. Namwambia imehama tena. Anakuja. Leo mizunguko minne, nikipumzika baada ya kila mmoja. Uzee huu!

Jumamosi, 7 Juni
Amekuja. Tukailaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga barazani. Akachomoa komeo, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, akachungulia ndani ya mtutu hadi akaliona tangi jeupe kule kilimani, kisha akaanza kuirudisha darubini ielekee tangi hilohilo. Chai, soga, raha tupu. Mara, balaa! Kifundo kikagoma.

Akanieleza kwamba darubini ina mwendo wake, juu na chini, na mwendo huo una mwisho. Ule ulioandikwa kwenye boksi si wa kupanda tu. Nusu yake ni ya kushuka. Yangu, kwa jinsi ilivyofungwa, imeshakula karibu nusu yote ya juu. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Nikauliza, nusu ya nini? Akarudia kwa kijiko na kisosi. Hakuna kazi ngumu kama kujifanya mjinga mbele ya mtu anayeeleza vibaya.

Kisha akaniua kabisa. Atachonga kitako kipya cha darubini, kile kipande kinachoishikilia juu ya bunduki, kilichoinuka kidogo nyuma. Darubini itainamia mbele, kifundo kitarudi katikati, na mwendo wa juu utabaki tele. Skrubu atazitia gundi. Haitahama tena, shemeji, akasema, utapumzika na usumbufu wangu.
Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatatu, 9 Juni
Jirani amepita. Tunamwita Bwana Tai, maana hufunga tai hata akimwagilia maua. Eti shemeji hushinda kwake kila Jumapili! Ana bunduki tatu, zote nzima. Nikamwuliza anampataje fundi bila kitu kilichoharibika. Akasema humwalika tu. Mwongo mkubwa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepata dawa. Yeye akiinua nyuma, mimi nitainua mbele. Kipande cha bati chini ya pete ya mbele inayoishika darubini, na mteremko wake wote umekufa. Fizikia hiyo! Nikalikata kopo la maziwa kwa mkasi wa kushonea. Nikakata na kidole. Kwa dawa hizi za moyo, damu haijui kukoma. Binti akanifunga bendeji, akaniuliza kwa nini mtu ambaye hajafyatua risasi tangu mama azikwe anahangaikia shabaha. Nikamwambia nangoja tu bega langu lipone, ndipo nifyatue. Akanitazama, akaenda kufua shati.

Jumamosi, 14 Juni
Kitako kimekaa kama kilichozaliwa pale. Kifundo katikati kabisa. Nikamtuma shemeji akaniletee maji, nikachomoa bati langu mfukoni. Likaniponyoka, likaanguka sakafuni, likalia kama kengele. Akarudi na glasi. Akalitazama bati, akakitazama kidole changu, akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbe anajua tangu mwanzo. Hakuna darubini duniani, akasema, inayohama mizunguko minne kamili kila wiki. We mzee we, ungesema tu njoo! Mimi si nakuja? Akaniahidi Jumamosi ijayo atafika bila begi la vifaa, tukae tu. Nikaitikia, sawa shemeji. Akazitia skrubu gundi, akaenda zake.

Jumapili, 15 Juni
Watu husema tu. Nani anamtembelea mgonjwa asiye na kitu cha kutengenezwa? Atakuja mara moja, mara mbili, kisha atakuwa na shughuli.

Nimejaribu bisibisi: gundi imeshika. Nimejaribu kisu cha mkate: ncha imekatika. Nimeazima nyundo kwa Bwana Tai, nikamwambia ni ya kupigilia picha ukutani. Daktari amenikataza kunyanyua vitu vizito, lakini hakutaja nyundo. Nitakipiga kifundo chenyewe. Kikipinda, atahitaji Jumamosi nyingi, labda zote nilizobakiwa nazo.

Yeye sitaweza kumwambia, basi nakiri hapa. Jana, alipocheka, aliufunika mdomo kwa kiganja, akapandisha pumzi mwishoni kama anayetaka kupiga chafya. Ni mke wangu mtupu. Mtu mwingine anayecheka vile sijabakiwa naye.