Nguzo za Migomba ya Nyanya

Jumatatu, 12 Februari 1996

Bwana Ndambiri wa Baiolojia ametangaza. Ijumaa shule itachagua mradi mmoja wa kwenda Embu kwenye mashindano ya sayansi. Mmoja tu. Nataka uwe wangu. Sijamwambia mtu, maana nikisimama mbele ya watu sauti hujificha tumboni.

Mada ninayo. Mwalimu aliniazima jarida la ng'ambo. Kuna bakteria anayeleta kuhara damu. Akishaingia ndani ya seli ya utumbo hana miguu wala mkia wa kuogelea. Lakini seli ina nguzo zake, nyuzi za protini zinazoishikilia isiporomoke. Huyo mdudu huzilazimisha zijijenge nyuma yake, zimsukume, mpaka anatoboa ukuta na kuingia kwa jirani.

Mwaka jana ugonjwa huo ulimshika mdogo wangu Kaburu, akawa mwepesi kama gunia tupu. Nilimshikilia nyuma ya baiskeli ya jirani mpaka zahanati. Nataka kumjua aliyemfanyia vile.

Pia, niseme ukweli, namhusudu. Hana miguu na anafika.

Jumanne, 13 Februari

Mdomo nimepata: Phyllis wa klabu ya mdahalo. Yeye ataongea, mimi nitakaa nyuma ya chati. Amekubali haraka mno. Anasema sura yake inafaa Embu.

Nguzo za mfano wangu nimepata pia. Migomba ya nyanya yangu imeegemezewa miti ya panda kwa sababu mikungu ni mizito. Nimechomoa minne, kwa migomba iliyosimama wima kabisa. Nadhani iliwekewa kwa mazoea tu.

Jumatano, 14 Februari

Mfano umesimama nyuma ya maabara. Kibuyu ndiye bakteria. Unapachika mti nyuma yake, kinasogea. Unapachika mwingine, kinasogea. Mwishowe kinapasua ukuta wa nailoni na kuingia seli ya pili. Phyllis amepiga makofi, kisha akaandika jina lake juu ya langu kwenye chati. Kwa herufi kubwa. Nimeendelea kupachika miti. Bakteria hagombani.

Miti haikutosha. Nimechomoa mitatu mingine.

Alhamisi, 15 Februari

Jana alasiri ilikuwa zamu yetu ya kumwagilia shamba kwa maji ya mfereji. Sikufikiria hilo. Udongo ukalainika, na leo asubuhi migomba mitano imelala chini na mikungu yake mibichi.

Nyanya aliangalia mashimo ya nguzo, akaenda moja kwa moja kwenye ua wa jirani yetu, Mzee Muthamia. Akamwambia mwizi wa nguzo na mwizi wa mbuzi ni mtu na ndugu yake. Mzee akajibu kwamba yeye ana nguzo nene za mti wa mgrevilea, zile fito za nyanya angefanyia nini, labda kuchokoa meno. Nikaona watakosana. Na baiskeli iliyompeleka Kaburu ilikuwa yake.

Nikakiri. Kwa Kimeru, kwanza kwa kunong'ona. Nikaeleza seli, nguzo, mdudu. Nyanya akauliza kama huyo mdudu haji na nguzo zake. Nikasema haji hata na kamba.

"Basi huyo ni wewe, Kanana," akasema.

Mzee Muthamia alicheka mpaka akashika ua. Kisha nyanya akauliza kama mdudu huyo ndiye aliyemwingia Kaburu. Nikasema ndiye. Akakaa juu ya mgomba ulioanguka. Baadaye akasema nimalize kazi yangu, nguzo zirudi kesho kutwa, na kuanzia leo hakuna wa kunywa maji nyumbani kwake kabla hayajachemka.

Tumekula ndizi za kupondwa. Tutazila mwezi mzima.

Ijumaa, 16 Februari

Phyllis aliongea vizuri. Kisha Bwana Ndambiri akauliza nguvu za kumsukuma mdudu zinatoka wapi. Phyllis akasoma chati upya, kwa sauti ya juu zaidi. Mwalimu akarudia swali. Phyllis akasema hilo aulizwe aliye nyuma.

Nikatoa kichwa. Sikumbuki nilianzaje. Nakumbuka nikisema nguvu zote ni za mwenye nyumba, mgeni analeta ujanja tu. Nikawasimulia migomba. Walicheka, lakini walisikiliza.

Tumechaguliwa. Halafu mwalimu akaongeza kwamba Embu nitaongea mimi, Phyllis atashika kibuyu.

Jumapili, 18 Februari

Jana nilirudisha nguzo zote saba. Nyanya alikagua kila moja, akanichomea ndizi, akaniambia nina kichwa kizuri ila kinahitaji kuegemezewa nguzo.

Nimejifunza. Sitagusa tena nguzo za nyanya.

Sasa mfano hauna nguzo na Embu ni Jumanne. Sauti nayo naisikia ikianza kukauka. Nimemwambia Phyllis akae tayari.

Tulipotoka kanisani nilipita kando ya ua wa Mzee Muthamia. Zile nguzo za mgrevilea zinazoegemeza migomba yake zimenyooka kuliko zetu. Nahitaji saba tu. Na safari hii nimefanya utafiti kwanza: zamu yake ya maji ni Alhamisi, baada ya Embu.