Ndege Yangu Haivai Miguu ya Kila Mtu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Miguu imefika! Sanduku refu, kamba kila upande, na ndani miguu miwili ya alumini inayong'aa hadi unaona meno yako. Si ile ya chuma iliyokuja kutoka kiwandani pamoja na vipande vya hii ndege ninayoijenga gerejini. Ile niliiona siku ya kwanza nikasema hapana. Bapa, minene, imenyooka, yote miwili sawasawa kama miguu ya benchi. Hii imetengenezwa na kampuni nyingine kwa ajili ya watu wenye macho. Imepinda. Inakwenda ikipungua hadi chini kwenye gurudumu. Nimeilaza kitandani niitazame kwa raha.

Mke wangu amesema niondoe vyuma kwenye shuka. Kisha amenikumbusha kwamba mkaguzi anakuja Jumamosi. Makubaliano yetu nayaandika hapa nisije nikasingiziwa. Ndege ikipita ukaguzi, inahamia kiwanja cha ndege. Isipopita, inavunjwa na kuuzwa vipande vipande. Kwa vyovyote vile, gereji inarudi kwake. Yeye ni fundi cherehani, na mwaka wa nne huu anashonea sebuleni, wageni wanakalia vitambaa.

Nimemwambia aondoe shaka. Mimi ni fundi majokofu wa miaka ishirini. Kitu chenye bolti hakinibabaishi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepita kiwanja cha ndege, kwa bahati tu, mguu mmoja begani, kwa bahati tu. Bwana Rula alikuwepo. Huyu ni mwalimu mstaafu anayejenga ndege aina ile ile kama yangu, na rula haimtoki mfukoni. Yeye amefunga miguu ya kiwandani! Nikamuuliza kama haoni aibu. Akasema hapana, wenye kiwanda walishapiga hesabu zote, na tena miguu yao haina kulia wala kushoto, hata mtu anayesinzia hawezi kuifunga vibaya. Akauliza kama yangu ilikuja na karatasi ya maelekezo. Nikamwambia ilikuja, na nimefutia grisi. Akacheka hadi akashika mbavu.

Nikaondoka na mguu wangu, kichwa juu. Wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Imefungwa! Shemeji, kaka yake mke wangu, alishikilia, mimi nikakaza. Bolti nane, zote zikaingia bila kinyongo. Nikamwambia unaona, kitu kizuri kinajipanga chenyewe. Tukatoa stendi taratibu. Ndege ikasimama. Sekunde mbili. Kisha ikakalia mkia. Pu! Gurudumu la pua likabaki linaning'inia hewani.

Shemeji akauliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nikasema ndivyo, huo ndio mkao wa kisasa, imeinua pua mapema ili kuokoa muda wa kupaa. Akaitikia kwa kichwa. Shemeji ni mtu mzuri sana.

Tukaisukuma pua chini. Ikarudi juu. Tukaisukuma tena. Ikarudi. Ina msimamo wake, nami naiheshimu kwa hilo. Mke wangu akachungulia, pini mdomoni, akatazama miguu, akatazama mkia. Akasema hiyo miguu haimkai sawa machoni, ni kama mikono ya gauni iliyokosewa. Nikamwambia hii ni ndege, mke wangu, gauni liko sebuleni. Akarudi kwa wateja wake.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sikutaka kuandika hili, lakini daftari halina mdomo: nina hofu. Miaka minne. Kila ribiti inayobana mabati ya ile ndege nimeigonga kwa mikono yangu hii. Nikifikiria mtu anaingia na msumeno... basi, tuyaache.

Shemeji ameshauri turudishe ile miguu ya kiwandani, ipo tu kwenye kona. Nimemwuliza yuko upande wa nani. Bwana Rula aje anione na miguu ya benchi? Heri nihame mji.

Na kumbe dawa ninayo! Mkia unashuka kwa sababu pua ni nyepesi. Pua nyepesi huongezwa uzito, hata mtoto anajua. Nina kompresa ya jokofu bovu, chuma kitupu, ukiibeba unamkumbuka Mungu. Nimeifunga kwa waya pembeni ya injini na kufunika kifuniko. Ndege imetulia kwa magurudumu yote matatu, imenyooka, imependeza. Shemeji akauliza itakuwaje ikiwa angani. Nikamwambia mkaguzi anakagua chini.

Wakati mwingine akili hizi zinanitisha mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi. Mama mmoja mfupi, miwani shingoni, haongei bure. Akazunguka ndege mara mbili. Akasifu ribiti. Alizisifu! Saa tatu na dakika kumi na mbili, nimeandika. Kisha akafungua kifuniko cha injini. Akauliza kwa upole kama ndege hii itakuwa inauza soda baridi. Nikaanza kumweleza habari za pua. Akaniomba nikate waya. Nikakata. Kompresa ikadondoka, mkia ukadondoka, na moyo wangu ukafuata.

Akasema hawezi kupitisha ndege inayokaa chini mbele ya wageni. Sasa anakwenda kumkagua Bwana Rula, na saa tisa atapita hapa akirudi. Akiikuta bado imekaa, anajaza fomu ya kukataa. Bwana Rula! Siku hiyo hiyo! Jamani!

Nikakalia kopo la rangi. Machozi yalinilenga, sifichi. Mke wangu akaja, hakuna aliyemwita, na futi yake ya kupimia nguo. Akapiga magoti kwenye mafuta na sketi yake safi. Akapima kutoka mlango wa ndege hadi gurudumu, upande huu, upande ule. Akasema miguu imepindia mbele na ilitakiwa kupindia nyuma, ndiyo maana uzito wote unaangukia mkiani. Akasema nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, na mwanafunzi wake akifanya hivyo anafumua mwenyewe. Nikafungua kinywa nimjibu. Akanipa spana.

Shemeji akainua, mimi nikafungua, mke wangu akashika taa na kutoa amri. Wa kulia kulia. Wa kushoto kushoto. Na nilikuwa nikikaza huku nafikiria: huyu angenyamaza tu. Ndege ingevunjwa, naye angepata gereji yake bila kutoka jasho. Hakunyamaza. Sijui mtu wa namna hii unamwambia nini. Nilimwambia asogeze taa.

Saa nane na nusu tukatoa stendi. Ikasimama! Sekunde mbili. Kumi. Shemeji akaegemea mkia kwa makusudi, ukashuka, ukarudi juu wenyewe. Saa tisa mkaguzi akagonga muhuri. Akauliza nani aligundua kosa. Nikasema tuligundua kama familia. Mke wangu akanitazama. Nikaongeza kwamba kichwa cha familia ni mimi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tumeivuta hadi kiwanja cha ndege, mabawa yamelazwa ubavuni, watu wametoka majumbani kutazama. Nilipunga mkono njia nzima. Kifua kilinijaa hadi kifungo kikakatika.

Bwana Rula aliizunguka, akakiri kwamba miguu ni mizuri. Nikamwomba arudie, upepo ulikuwa mkali. Akarudia! Kisha akauliza kama ni kweli ilikuwa imefungwa kinyume. Mkaguzi naye ana mdomo, tena ana simu. Nikamjibu kwamba hapa kiwanjani ni mimi peke yangu niliyeijaribu kwa namna zote mbili, yeye ana uzoefu wa namna moja tu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Gereji imefagiwa, imepigwa deki. Mke wangu ameingiza meza ya kukatia, cherehani mbili zimekaa dirishani, na pazia jipya. Anaimba. Miaka minne sijamsikia akiimba. Nimefurahi kutoka moyoni, naapa, na nilimwambia hivyo huku nimeshika futi.

Maana ile miguu ya kiwandani bado ipo. Mipya, haijagusa ardhi. Miguu mizima kukaa bila ndege ni dhambi. Kwa hiyo nimeagiza vilivyopungua: bodi, mabawa, mkia na injini. Safari hii itakuwa kazi nyepesi, maana kwenye suala la miguu sasa mimi ni bingwa. Hata hii ya benchi nitaipinda kidogo mwenyewe, ipate sura.

Nimeshapima. Meza na cherehani zake zinaacha nafasi ya bawa moja ukutani, bila kumsumbua hata kidogo. Bawa la pili linaenea vizuri kabisa sebuleni, ambako kwa bahati nzuri siku hizi hakuna mtu.