Kopo la Vitamini

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki. Muuguzi amenieleza upya, maana mara ya kwanza nilipeleka masikio tu, akili niliiacha nje. Anasema seli ya kinga ikivamiwa hutundika alama mlangoni: jamani, nimeingiliwa. Walinzi wakiiona, huja kuimaliza. Kirusi cha UKIMWI kina protini inayoiondoa alama hiyo. Walinzi wanapita, wanaona nyumba salama. Ndani kunaungua. Na ujumbe wa uongo unatoka, majirani wazima wanajiua bure.

Nikasema mdudu huyu ana akili kuliko msimamizi wetu pale kwenye jengo. Hakucheka. Akauliza kama mke wangu nimeshamwambia akapime. Nikasema nitamwambia.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu nimeipata kwa mdudu mwenyewe. Chumbani nalala na shemeji, kaka wa mke wangu. Tunamwita Redio. Akijua jambo asubuhi, dada yake kule nyumbani analijua kabla zege halijakauka. Basi nimenunua kopo la vitamini, dawa zangu nimetia humo. Vitamini zenyewe sikutaka zipotee, nikazila zote. Tumbo linateta.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hawakuwa na kopo.

Alhamisi, 7 Machi
Redio ameliona. Akasema, shemeji, siku hizi unakula vya wakubwa? Nikasema ni za nguvu, mifuko ya saruji haina huruma. Akaomba moja. Nikamwambia zinawadhuru wenye vichwa vikubwa. Amenuna. Nimeshinda.

Jumamosi, 9 Machi
Redio imetangaza. Mke wangu kapiga simu, kumbe natafuna vitamini peke yangu, mchoyo mimi. Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Ni kilekile cha tangu mvua, anasema. Nguo zinampwaya, sketi anaibana kwa pini. Akasema, baba watoto, nitumie hata kidogo, nami nipate nguvu.

Nilitaka kusema, kapime. Redio alikuwa kitandani, masikio wima. Nikasema haya, mama, nitatuma.

Jumapili, 10 Machi
Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia. Yale ya majirani kujiua yamenikaa. Maskini seli.

Dereva wa lori anapita nyumbani kesho. Nimenunua kopo la pili, dawa nimegawa nusu kwa nusu. Mimi leo nameza, kesho naruka. Naye vivyo hivyo. Muuguzi alikataza kugawana, lakini yeye mumewe hayuko mbali. Juu ya kopo nimeandika: za nguvu.

Mke wangu atapona, wala hatakuwa na haja ya kujua alikuwa anaumwa nini.